Paa la Mama Marsela

Watu wengi wa kijijini kwetu wanamsifu Lukresia kwa maharage. Ana mbegu ndogo nyekundu, inayoiva upesi, na hajawahi kumnyima mtu kopo la mbegu. Mimi namsifu kwa ubishi. Tumekaa jirani tangu Operesheni ya vijiji, nyumba yake na yangu zimepeana migongo, na nasema wazi kwamba kubishana naye kunachosha kuliko kupalilia. Ni mwanamke mfupi, sauti ya chini, hapigi kelele hata siku moja. Anakukatalia jambo huku anapepeta mahindi, hakutazami, na wewe unabaki umesimama pale na maneno yako mdomoni hujui uyapeleke wapi.

Naandika habari zake kwa sababu siku hizi, katika miaka hii ya themanini, wasichana wanapita mbele ya nyumba ile na watoto wao mgongoni wakidhani mambo yalikuwa hivi siku zote. Hayakuwa hivi. Kuna mtu alikataa, na alikuwa anatetemeka alipokataa. Najua kwa sababu nilikuwa nimekaa naye benchi moja na benchi lilikuwa linatikisika.

Sisi Wairaqw wa huku juu, kati ya Karatu na msitu wa Ngorongoro, zamani tulikaa kwenye matembe. Tembe huchimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake ni udongo, na ndani mnalala wote, watu na ng'ombe, mkipashana joto. Lukresia aliolewa kwenye tembe la namna hiyo na Josephati, na huko ndiko alikozaa watoto wake wote. Josephati hakuwa mtu mbaya. Naliweka hilo mapema kwa sababu huko mbele mtu anaweza kumchukia. Ni mpole, mchapakazi, na shida yake ilikuwa moja tu, kumwogopa kaka yake. Mzee Wilibrodi akikohoa, Josephati anaitikia.

Ikaja Operesheni. Amri ilikuwa kwamba watu wote tushuke bondeni karibu na barabara, ambako viwanja vimepimwa kwa kamba, nyumba zisimame kwa mistari. Wanaume wetu wakagoma. Mzee Wilibrodi alisema hataacha makaburi ya wazee wake akaishi kwa kupangwa, na wengine wote wakasema kama yeye, maana ndiyo kazi waliyokuwa wameizoea. Sisi wanawake tulikuwa na mawazo mengine. Kule chini kulikuwa na bomba la maji, shule na zahanati. Mtu aliyekuwa akiteka maji korongoni na kupanda nayo kilima akiwa na mimba hahitaji kubembelezwa sana ahamie karibu na bomba.

Siku ya kugawa viwanja, mwenyekiti wa kijiji, Inosenti, alisimama kuita wakuu wa kaya. Akaita Josephati. Kimya. Akaita mume wangu. Kimya. Wanaume walikuwa juu mlimani wanakunywa pombe ya mtama na kuilaani Serikali. Nyuma ya Inosenti alikuwa amesimama mkubwa mmoja kutoka wilayani, anatazama saa yake kila mara, na mwenyekiti wetu jasho linamtoka. Mwisho akauliza, "Wa kwa Josephati yupo nani?"

"Nipo mimi," alisema Lukresia.

"Basi chukua wewe. Kiwanja ni chako, kajenge."

Alisema hivyo mbele ya kijiji kizima, na mimi nikachukua cha kwetu kwa mtindo huohuo, na wenzetu wengi wa mstari ule vilevile. Tulikata fito wenyewe, tukakanyaga udongo wenyewe, tukaezeka nyasi tukisaidiana nyumba hadi nyumba. Mume wangu aliona aibu akaja kushika nguzo mbili tatu. Josephati hakugusa hata ufito. Tena gulioni, mbele za watu, alikuwa akijisifu, "Mimi sina nyumba kule chini. Lile banda ni la Lukresia." Wenzake wanamcheka kwa kumpongeza. Basi akawa anashuka kula, anapanda kulala. Wakubwa wa wilaya waliona nyumba zimesimama na moshi unatoka, wakaridhika, wakaenda zao.

Marsela ni mtoto wa kwanza wa Lukresia. Alimaliza darasa la saba, akawa anakwenda na wanawake wenzake kuokota masazo ya ngano kwenye mashamba makubwa. Huko akakutana na kijana mmoja dereva wa trekta, mwenye kofia na maneno matamu. Msimu ulipokwisha trekta liliondoka, kijana akaondoka nalo, na Marsela akabaki na mimba.

Kwa mtu asiye wa kwetu lazima nieleze hapa jambo linaloitwa metimani. Kwa mila yetu binti asiyeolewa hazalii chini ya paa la baba yake. Akizaa pale, nyumba yote inatengwa. Watu hawali kwenu, hawachukui moto jikoni kwenu, ng'ombe wenu hawanywi pamoja na wa wenzenu. Wazee walisema kwamba asipofukuzwa, mifugo itakufa na mvua ya mawe itapiga mashamba ya kila mtu, hata ya asiyehusika. Kwa hiyo binti wa namna hiyo alikuwa akipelekwa porini akazae peke yake, au akiozwa haraka kwa mtu yeyote wa mbali atakayekubali kumpokea. Wengine hatukuwaona tena. Mimi nina shangazi ambaye sijui kaburi lake lilipo, na sikuwahi kulisema jambo hilo kwa utulivu, hata sasa siwezi.

Mimba ilipoanza kuonekana, Mzee Wilibrodi alishuka na Josephati nyuma yake. Hakuingia, alisimama uani. Mimi nilikuwa naanika mahindi upande wangu, na sikujisumbua kujifanya sisikii.

"Shemeji," alimwambia Lukresia, "mambo tumeshayapanga. Yuko mzee mmoja huko Mang'ola, amefiwa na mke, ana mashamba ya vitunguu. Amekubali kumchukua hivyohivyo alivyo. Mtoto akizaliwa atakuwa wake. Mzee atakuja kumchukua Marsela mwezi ujao."

"Marsela amekubali?"

"Marsela anaulizwa nini?"

"Nimeuliza tu," Lukresia alisema, akaendelea kupepeta. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe baba Marsela, umekubali?"

Josephati alitazama miguu yake. "Mama Marsela, ng'ombe wakifa tutakula nini?"

Nilimwona Lukresia anasimamisha ungo. Watu wanadhani mtu mbishi haogopi. Yeye aliogopa sana, kwa sababu aliyaamini yale mambo kama mumewe alivyoyaamini. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa waliolala kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ile, na aliwapenda mpaka tulikuwa tunamtania kwamba anawasalimia kabla ya watoto. Sasa akapimiwa ng'ombe upande huu na binti upande ule. Marsela alikuwa nyuma ya mlango analia bila sauti.

Asubuhi iliyofuata akaniambia, "Mama Evarista, jifunge kanga twende Karatu." Nikajifunga. Tulikwenda kwa Bibi Maendeleo, Cresensia, yule aliyekuwa akija kijijini kutufundisha kushona na, tukiwa tumeinamia sindano, akitusomea Sheria ya Ndoa. Alikuwa mwanamke mnene mchangamfu aliyejua kila kitu isipokuwa kukamua. Wakati wa masomo yale Lukresia alikuwa na tabia ya kusinzia, lakini kumbe alikuwa akisinzia kwa jicho moja.

Cresensia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, Sheria ya Ndoa ya mwaka sabini na moja inasema hakuna binti anayeolewa bila kukubali mwenyewe kwa hiari yake. Huyo mzee wa Mang'ola akimchukua kwa nguvu, hiyo si ndoa. La pili, sheria hiyohiyo inasema mke anaweza kuwa na mali yake kama mume anavyoweza kuwa na yake. Haikusema sufuria tu wala kuku tu. Na nyumba pia. Hicho kiwanja alipewa nani?"

"Mimi."

"Nyumba alijenga nani?"

"Mimi na hawa wenzangu."

"Basi."

Nilitaka kupiga vigelegele pale pale ofisini. Lukresia hakucheka. Aliuliza, "Na ng'ombe wakifa, sheria inasemaje?"

Nampenda Cresensia mpaka leo kwa jinsi alivyomjibu. "Sheria haijui habari za ng'ombe wenu, mama. Hapo itabidi uamue mwenyewe."

Tukaanza kurudi. Tulipofika kwenye mteremko wa mwisho, pale panapoonekana mabati ya shule, akasema, "Ng'ombe nitawapeleka juu kwa baba Marsela. Wakiwa huko hawatapatwa na kitu." Nikamwuliza maziwa ya mzazi yatatoka wapi. Akasema mzazi atakunywa uji. Hapo nilijua ameshakata shauri.

Wazee wakaitisha kikao cha kuamua habari za Marsela, kikafanyika kwenye ofisi ya kijiji. Wazee walijaa, Mzee Wilibrodi mbele yao na fimbo yake, Josephati pembeni. Wanawake tulikaa benchi la nyuma, na ndilo hilo benchi nililosema linatikisika. Mwenyekiti Inosenti alikuwa ameshaambiwa na wazee aseme nini, na alionekana anataka kulisema haraka akale chakula chake cha mchana.

Lukresia akaomba nafasi. "Mila inasema binti asizalie kwa baba yake," alisema. "Mimi nakubali. Marsela hatazalia kwa baba yake. Kwa baba yake ni kule juu kwenye tembe, mwenyewe amesema hivyo gulioni na nyote mmesikia. Ng'ombe wake wako huko, na wangu nimewapeleka huko. Binti yangu atazalia kwangu."

"Mwanamke hana kwake," alisema Mzee Wilibrodi. "Nyumba ni ya mume."

Wazee wakaitikia. Inosenti naye akaanza kutikisa kichwa kukubali, kisha nikamwona kichwa kinasimama katikati. Alikuwa amekumbuka kwamba ni yeye aliyesema "kiwanja ni chako", mbele ya mkubwa wa wilaya. Pia alikuwa amekumbuka kwamba mstari mzima ule uligawiwa hivyohivyo, mpaka kiwanja cha mke wake mdogo. Akageuka, akamwangalia Josephati.

"Ndugu Josephati, tusizunguke. Ile nyumba ni yako?"

Ofisi yote ikamtazama mtu ambaye hakuwahi kutazamwa. Mimi nilimwona jinsi alivyobanwa, na nakiri nilifurahi. Akisema ni yake, basi binti anazalia chini ya paa lake, metimani inamwangukia yeye na ng'ombe wake wote. Akisema si yake, kaka yake hana tena la kudai. Mzee Wilibrodi akakohoa. Kwa miaka yote niliyomjua, Josephati hakuwahi kuacha kikohozi kile bila kukijibu.

"Si yangu," alisema. "Nilishasema siku nyingi. Ni ya mama Marsela."

Sijui mpaka leo kama alisema hivyo kwa kuogopea ng'ombe au kwa kumpenda binti yake. Nimemwuliza Lukresia mara nyingi, ananiambia nipalilie shamba langu. Lakini nilimwona Josephati alivyokaa chini baada ya kusema, akafuta uso kwa kiganja, na hakumwangalia kaka yake.

Inosenti akapata ushujaa uliochelewa. Akasimama, akakunjua mabega, akasema Serikali na Chama vimempa mwanamke haki ya mali yake, na kwamba mtu yeyote atakayemchukua binti bila hiari yake atakutana na yeye na polisi wa Karatu. Alisema kwa sauti kubwa utafikiri ndiye aliyetembea mpaka Karatu. Tukampigia makofi, maana hata mtu wa kuchelewa anafaa.

Mzee wa Mang'ola hakuja. Nasikia alioa mtu mwingine, mjane mwenye makamo kama yake, na wakaelewana.

Hayo hayakuwa mwisho wa shida. Hakuna sheria ya kumlazimisha mtu aje kuomba moto kwako. Bombani wanawake walikuwa wakimwona Lukresia wanasogeza ndoo zao. Walewale waliokanyaga naye udongo. Mama mkwe wangu alinikataza kuvuka ua, na mimi nikawa navuka akiwa amelala mchana. Mkunga wa kijiji alisema mgongo unamwuma, na mgongo huo ukaendelea kumwuma mpaka Marsela akakaribia kujifungua.

Uchungu ulimshika asubuhi, mvua za masika zikiwa zimechanganya. Kwenda zahanati kulishindikana kwa sababu mkondo wa maji uliokata njia ulikuwa umejaa. Tulikuwa mimi na mama yake tu. Lukresia alimshika binti yake kwa nyuma, akimwambia maneno ya chini chini kwa Kiiraqw ambayo sitayaandika, ni yao wawili. Mimi nilikuwa mbele, roho juu, nikijipa moyo kwamba nimezaa mara nyingi kwa hiyo najua, ingawa kuzaa na kuzalisha ni kazi mbili. Mtoto akatoka, msichana, hakulia. Nikamfuta, nikamgeuza, nikampiga kidogo mgongoni, na bado hakulia. Lukresia aliniangalia kwa macho ambayo natumaini sitaangaliwa nayo tena. Kisha mtoto akachemua, akapiga ukelele wa hasira mpaka kuku wakatoka chini ya kitanda.

Lukresia alikaa chini kwenye udongo. Akacheka, machozi yanamtoka, hakujifuta. Mimi pia. Sijawahi kusikia raha ya namna ile mwilini, kama mtu aliyetua kuni baada ya kupanda kilima. Marsela akaomba uji, na akanywa sufuria nzima.

Baada ya hapo kijiji kizima kikasubiri. Mzee Wilibrodi alikuwa anasubiri mvua ya mawe kwa uvumilivu mkubwa. Kila wingu jeusi likitokea upande wa Ngorongoro, anatoka nje anasimama. Ilinyesha mvua ya kawaida, na maharage yakaota. Ng'ombe wa Josephati mmoja alizaa ndama. Na mwaka ule viberiti vilikuwa vimeadimika madukani, hata kwa magendo huvipati, moto wa mtu ukizimika ni lazima apite kuomba kaa. Mimi nilikuwa wa kwanza kuchukua moto jikoni kwa Lukresia waziwazi, mchana, na kigae changu mkononi, nikapita nao mbele ya mama mkwe. Alinitazama, akautazama moto, akaitazama sufuria yake ya makande iliyolala baridi tangu asubuhi. Akasema, "Weka hapo." Wiki haikupita kabla wengine hawajaja, mmoja mmoja, kila mtu akisema ametumwa na mwingine.

Josephati ndiye aliyebaki. Alikuwa haji tena hata kula. Watoto ndio waliokuwa wakimpelekea chakula. Lukresia hakumsema vibaya, ila usiku mwingine nilikuwa nasikia anavyojigeuza kitandani, kuta zetu ni nyembamba.

Mtoto alipokuwa ameanza kukaa, mchana mmoja wa manyunyu nilikuwa kwao namenya viazi. Tukamwona Josephati anashuka kilima, anaswaga mmoja wa wale ng'ombe wawili wa Lukresia, yule aliyekuwa na maziwa mengi. Alimfunga ng'ombe kwenye mti wa uani. Akaja mpaka mlangoni, akasimama nje ya matone ya paa, maji yanamtiririka kwenye kofia.

"Mama Marsela," alisema, "nimeleta maziwa ya mtoto."

"Ahsante," Lukresia alisema.

Hakuondoka. Alikuwa anajaribu kutazama ndani bila kuonekana anatazama. "Kule juu kuna baridi," alisema tena. "Nilikuwa naomba nihamie huku."

Nilimtazama Lukresia. Miaka miwili, tangu nyumba isimame, alikuwa amengoja mume wake aseme maneno yale, nami nilijua jinsi alivyotaka kuyajibu. Lakini alichukua ungo wake, akauweka magotini.

"Mimi huniombi," alisema. "Mliyetaka kumtoa humu ni yule. Mwombe yeye."

Josephati akamgeukia Marsela. Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda ananyonyesha, na alimtazama baba yake muda mrefu. Josephati alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya binti yake mwenyewe.

"Mwanangu," alisema, "naweza kuingia?"

Marsela alimtoa mtoto kwenye ziwa, akamfuta mdomo, akamfunika vizuri.

"Ingia, baba," alisema. "Njoo umshike, mimi nimechoka mkono."